Gari la Kilomita Nyingi: Pima Kwanza, Ndipo Ufungue

Swali (msomaji wa Iringa): Ndugu mafundi, nina Toyota Corolla NZE121, injini 1NZ-FE, kilomita 280,000. Kwenye foleni mshale wa joto umetulia, lakini nikipanda Kitonga na mzigo unapanda. Fundi ametoa thamostati (valvu inayofunguliwa na joto la maji) na bado linachemsha. Sasa anataka kufungua silinda hedi, sehemu ya juu ya injini. Nimruhusu?

Jibu: Bado, ndugu yetu. Gari linalotulia kwenye foleni feni yake ni nzima. Linalochemsha mlimani, ama maji hayazunguki vya kutosha, ama rejeta haitoi joto. Kwa umri wa gari lako tungeanza na rejeta. Maji ya bomba huacha chumvi ndani ya mirija yake, na nje vumbi na wadudu hujazana kati yake na kondensa ya AC, mahali usipopaona mpaka uilegeze. Injini ikishapata moto, izime, kisha pitisha kipimajoto cha mwanga (infrared, kinachopima bila kugusa) juu ya uso wa rejeta. Palipo baridi katikati ya pa moto, mirija imeziba.

Thamostati irudishwe, na hili tunalisisitiza kwa sababu kuitoa kumekuwa mazoea. Katika injini nyingi za Toyota, thamostati ikifungua njia ya rejeta huziba papo hapo njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kabisa. Safari fupi nazo injini haifikii joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi, na petroli inaisha haraka. Nunua ya nyuzi 82. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto: ianze kufunguka kati ya 80 na 84.

Badilisha pia mfuniko wa rejeta kama mpira wake umekauka. Usiposhika presha, maji huchemka mapema. Angalia kama pampu ya maji inavuja kwenye kitundu chake kidogo, na kama mkanda unateleza. Jaza kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi.

Gasketi ya hedi, inayoziba kati ya hedi na bloki, ina vipimo vyake vya kujua kama imeungua. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, washa: povu lisilokoma linaloongezeka ukikanyaga mafuta ni dalili mbaya. Hakikisha kwa dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Ikigeuka njano, moshi wa injini umeingia kwenye maji. Hapo ndipo hedi ifunguliwe, na kabla ya kufunga gasketi mpya, hedi ipimwe kwa rula ya chuma na filageji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Ikiwa imepinda zaidi ya milimita 0.05, ipelekwe kukwanguliwa.

Swali (msomaji wa Mombasa): Toyota IST yangu inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Nimeshauriwa niweke 20W-50. Itasaidia?

Jibu: Itaficha moshi kwa muda tu. Injini hii ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) ilitengenezwa kwa oili nyepesi kama 5W-30. Nzito huchelewa kufika juu asubuhi.

Jaza oili hadi alama ya juu ya kijiti, tembea kilomita 1,000, pima tena. Ikipungua lita nzima, kuna kazi. Anza na valvu ya PCV (inayotoa mvuke wa oili ndani ya injini), spea ya bei ndogo: hewa ipite ukipuliza upande wa injini, isipite ukigeuza. Moshi wa kuwasha asubuhi ukaisha, shuku sili za valvu. Ukiendelea kila unapokanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni.

Kisha pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), injini ya moto, plagi zote nje, soketi za injekta zimechomolewa, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Isishuke chini ya psi 157, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Iliyo chini itilie kijiko cha oili: ikipanda, ni ringi, isipopanda, ni valvu. Ila kompresheni nzuri haiondoi shaka yote, kwani ringi ya oili inaweza kugandishwa na kaboni huku zile za kompresheni zikiwa nzima.

Swali (msomaji wa Dodoma): Toyota Fielder yangu inamisi, mashine ya kusoma hitilafu imesoma P0302. Ninunue koili zote nne?

Jibu: Hapana. P0302 ni kodi ya hitilafu inayosema silinda ya pili inamisi, yaani haichomi vizuri. Hamishia koili yake silinda ya tatu, futa kodi hiyo kwa mashine, tembea. Ikija P0303, nunua koili moja. Ikibaki P0302, hamisha plagi, kisha injekta. Ukikuta oili ndani ya shimo la plagi, badilisha kwanza gasketi ya mfuniko wa valvu pamoja na sili za mashimo hayo, la sivyo koili mpya nayo itaharibika.