Sauti ya baba imo kwenye kaseti

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kaseti ya VHS ya harusi ya dada yangu, ilipigwa hapa Tanga mwaka 1993. Baba ndiye anayetoa mawaidha mle ndani, na sasa hatunaye. Imekaa juu ya kabati karibu miaka ishirini. Jirani ana deki. Niitie tu nione kama inacheza? Kijana wa studio anataka kuicheza kwenye runinga halafu aipige kwa simu.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Kaseti usiitie kwenye deki bado. Ipeleke dirishani, bonyeza kidude kilicho ubavuni, inua kifuniko uuone mkanda. Kisha chungulia zile roda mbili zinazozungushia mkanda, kupitia kioo cha kaseti. Mkanda usio na tatizo ni mweusi na unang'aa. Ukiona weupe kama vumbi la unga pembezoni, huo ni ukungu, na sisi watu wa pwani unatupata sana.

Mwaka 2009 nililetewa kaseti ya namna hiyo nikaitia bila kuikagua. Deki ililia kidogo tu, mkanda ukajikunja ndani. Kwenye picha, bibi wa watu alikuwa mlangoni anapokea wageni. Dakika kama nne zake zikaenda. Mwenye kaseti aliichukua akaondoka kimya, na mpaka leo sipokei kaseti bila kuishika juani kwanza. Ukungu pia unabaki kwenye hedi za deki, vile vichwa vinavyosoma mkanda, na kuambukiza kaseti nyingine. Yako ikiwa nao, itenge mahali pakavu umtafute fundi atakayefungua zile skrubu tano za chini na kuufuta mkanda taratibu.

Ikiwa safi, vunja kile kibati cha plastiki mgongoni mwa kaseti ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Deki ya jirani ijaribiwe kwanza kwa kaseti isiyo na thamani.

Kupiga runinga kwa simu, hapana. Picha itacheza mistari, na sauti ya baba itachanganyika na feni na pikipiki za nje. Tumia waya za deki: wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. Zinaingia kwenye kifaa kidogo cha kunasia video, nacho kinachomekwa kwenye kompyuta. Kwenye programu ya kunasia chagua PAL, ndiyo mfumo wetu wa picha za video. Ukiacha NTSC, mfumo wa nchi kama Marekani, picha huweza kutoka nyeusi na nyeupe au ikawa inapanda na kushuka. Umbo la picha liwe 4:3, yaani upana nne kwa kimo tatu, wasikunyooshee picha ijaze skrini ya kisasa, nyuso zitapanuka. Kaseti ya saa tatu inachukua saa tatu zilezile, hakuna njia ya mkato.

Usimruhusu mtu akate "sehemu zisizo na maana". Masufuria ya pilau, watoto wanaokimbia mbele ya kamera, majirani waliokaa mkekani: utawatafuta.

Na usingoje mwakani. Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho kutengeneza deki za VHS, kiliacha mwaka 2016. Zilizobaki zinachakaa tu. Faili liweke kwenye diski mbili, moja akae nayo dada yako nyumbani kwake. Kaseti yenyewe usiitupe, isimamishe kama kitabu.

Siku hiyo, anza kurekodi kwenye kompyuta ndipo ubonyeze deki. Mkanda wa zamani huenda usikubali kucheza mara ya pili.