Re: Subaru Forester XT na petroli ya 93 – usijaze kabla hujasoma hapa

Simamisha kwanza hiyo safari ya Iringa. Umeandika kwamba kitabu cha XT ulichopakua kinataka petroli ya okteni 91 (namba ya petroli kustahimili mgandamizo bila kujilipukia), sheli ya mtaani kwenu wamekwambia yao ni 93, kwa hiyo umevuka kwa mbili. Ukauliza pia kuhusu chupa ya kuongeza okteni. Hiyo hesabu ya 91 na 93 ndiyo inayoua injini. Mimi nilipewa hiyo hiyo na fundi anayejiita bingwa wa Subaru, na bili ya pistoni nikalipa mimi, si yeye.

Kitabu chako ni cha Marekani. Pampu za kule haziandiki RON, zinaandika AKI, yaani wastani wa RON na MON, vipimo viwili vya okteni. RON hupimwa injini ya maabara ikizunguka mara 600 kwa dakika. MON mara 900, mchanganyiko ukiwa wa moto zaidi, kwa hiyo namba yake hutoka ndogo na kuushusha wastani. 91 ya Mmarekani ni kama RON 95 au 96. Na 93 ya sheli yenu, ambayo ni RON, kwa kipimo chao ni kama 88 au 89. Hujavuka kwa mbili, umepungukiwa na mbili au tatu!

Tena hata gari si hilo. XT ya Marekani ya kizazi cha SH ni ya lita 2.5, hiyo 2.0XT yako ni ya Japani. Fungua kifuniko cha tenki, piga picha kibandiko. Ukiona プレミアム au ハイオク, ni premium, yaani petroli ya okteni ya juu. レギュラー ni ya kawaida. Kiwango cha Japani kinaanzia RON 89 kwa ya kawaida na 96 kwa premium, na premium ya sheli zao huwa karibu 100. Taimingi ya gari lako, yaani wakati cheche inapowaka, imepangwa kwa mafuta hayo. Jirani mwenye Forester SH5 anayejaza yoyote na hapati shida ana 2.0X, haina tabo (turbo, inayosukumia injini hewa), na kibandiko chake ni cha kawaida. Angalia boneti: XT ina lile tundu la kuvutia hewa, 2.0X haina. Wenye Passo, IST na Spacio nao wasikusumbue, hizo ni za kawaida na premium haiziongezei kitu.

Sasa fikiria mlima wa Kitonga, njia ya Iringa. Watu watano, mizigo, AC inafanya kazi, gia kubwa, mizunguko 2,000, tabo inasukuma. Cheche inawasha mafuta upande mmoja wa silinda, yale ya pembeni ambayo moto haujayafikia yanajilipukia yenyewe kwa joto na mgandamizo. Utasikia kama kokoto kwenye kopo, na redio ikiwa juu hutasikia kabisa. Sensa ya noki, yaani ya huko kujilipukia, inarudisha taimingi nyuma, lakini inarudisha baada ya pigo, si kabla. Mapigo yakirudiarudia, kile kijiukingo cha pistoni kati ya ringi ya kwanza na ya pili kinapasuka, mara nyingi silinda ya 4. Hapo gari linaanza kula oili, moshi wa bluu, na injini inafunguliwa.

Chupa: soma maandishi. "Pointi 30" kwenye chupa nyingi maana yake ni okteni 3, si 30. Zenye madini ya manganizi au chuma huacha unga mwekundu kwenye plagi, na plagi hizo zinaanza kukosa moto. Afadhali kuchanganya: lita 40 za RON 93 na lita 20 za 98 zinakupa kama 94.7. Bado si 96, lakini si 93. Na usinunue jina. Petroli nyingi za majina makubwa zimeongezwa sabuni ya kusafisha nozeli tu, okteni ni ile ile. Uliza RON ngapi, wakishindwa kujibu ondoka. Iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ndiyo mbaya kupita zote.

Kama lazima upande na ulichonacho, shusha gia mwenyewe, weka mizunguko 3,000 kwenda juu, mguu mwepesi, usikanyage hadi chini. Plagi zibaki namba ya kiwandani. Kwa NGK namba ikipungua plagi inakuwa ya moto zaidi, na hiyo huchochea noki.

Kisha tafuta mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya Subaru, aangalie IAM, namba inayoonyesha kompyuta imebakiza taimingi kiasi gani. Inatakiwa iwe 1.0. Ukikuta iko chini ya hapo, gari limeshagonga kiasi cha kompyuta kukata taimingi. Usipakie familia mpaka ujue kwa nini.