Maswali Yenu: Usukani unakuwa mwepesi karibu na kutua

SWALI: Salaam aleikum. Nimejijengea ndege ya viti viwili, yenye gurudumu dogo mkiani. Tangi liko mbele, nyuma tu ya ukuta wa injini. Nikiruka Malindi na abiria na mzigo wa kilo 20, usukani uko sawa. Nikikaribia Manda unakuwa mwepesi mno; nikiugusa tu pua inapanda. Mwaka huu niliipaka rangi upya na nikahamishia betri nyuma ya viti. Uzito wote haujapita kiwango. Je, nifunge vipande vya madini ya risasi puani kuongeza uzito?
Msomaji, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam. Risasi iache kwanza. Kutopita kiwango ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni mahali uzito ulipokaa, na kwako unahama mkiwa angani. Tangi liko mbele ya kitovu cha uzito, yaani mahali ndege nzima ingesawazika, kwa hiyo kadiri mafuta yanavyoungua pua inapungua uzito na kitovu kinarudi nyuma. Kikipita mpaka wa nyuma, pua ikiyumba hairudi yenyewe, na mbawa zikiacha kubeba ndege yaweza kuanza kuzunguka ikianguka, usiweze kuitoa.

Mpaka upimaji mpya ukamilike, usiruke na abiria. Pimia ndani ya banda, milango imefungwa: hata kusi hafifu huinua bawa, na mizani ikadanganya. Toa mafuta ya tangi, oili ya injini ibaki kamili. Weka mizani tatu, kila moja uijaribu kwanza kwa uzito unaoujua. Inua mkia juu ya stuli hadi pima maji ionyeshe ndege imelala kama inavyoruka. Uzito wa stuli utoe: kilo 1 tu ikisahaulika mkiani husogeza kitovu karibu milimita 11, kwa sababu mkono wake, yaani umbali kutoka mahali tunapoanzia kupima, ni mrefu. Kisha teremsha timazi kutoka kwenye ekseli na ncha ya mbele ya rafadha (propela), weka alama za chaki sakafuni, upime kwa futi ya chuma. Vipimo vya kwenye michoro usivitegemee. Ndege ya kujengwa nyumbani haifanani kabisa na mchoro wake.

Tuchukue mfano, tukihesabu milimita kutoka ncha ya rafadha. Magurudumu ya mbele yana kilo 364 kwenye 1,560, mkia kilo 16 kwenye 5,800. Zidisha kila uzito kwa mkono wake, jumlisha: 660,640. Gawa kwa 380, kitovu cha ndege tupu ni 1,739. Ongeza watu kilo 170 kwenye 2,050, mzigo kilo 20 kwenye 2,600, na petroli lita 60 kwenye 1,300. Petroli ni kama kilo 0.72 kwa lita, basi ni kilo 43. Kitovu: 1,822. Mpaka wa nyuma ukiwa 1,850, unaruka salama. Zikibaki lita 10, kitovu ni 1,855. Umeshatoka nje, na ndipo hasa unapotaka kutua. Kwa hiyo fanya hesabu mara mbili, ya kuondoka na ya tangi karibu tupu.

Sasa hiyo betri. Ikiwa ni ya kilo 7 nawe ukairudisha kutoka 2,700 hadi 1,000, kwenye ukuta wa injini, kitovu cha kutua kinasogea mbele kama milimita 21, hadi 1,834, bila kuongeza hata gramu. Waya zake nene ziwe fupi, mabano yashikwe kwa bolti, na mhandisi mwenye leseni akague kazi. Risasi ni ya mwisho kabisa, kwani itakula uzito wa abiria.

Na rangi ya mkiani isikupite: elevata, kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, ikipakwa upya isawazishwe tena kwenye bawaba zake. Hilo halihusu kitovu. Ni kuzuia mtetemo unaoweza kung'oa mkia ndege ikienda kasi.

SWALI: Nimebadili rafadha ya mbao kwa ya chuma. Lazima nipime ndege nzima?
Msomaji, Lamu

JIBU: Si lazima, kama karatasi ya upimaji ni sahihi. Pima rafadha zote mbili, zidisha tofauti kwa mkono wa mahali zinapofungwa, kisha uirekebishe momenti (uzito uliozidishwa kwa mkono) na uzito wa ndege tupu. Ya chuma kwa kawaida ni nzito zaidi, basi kagua mpaka wa mbele ukiwa peke yako bila mzigo: ukiupita, usukani hautatosha kuinua pua wakati wa kutua. Karatasi ya zamani ipige mstari, mpya itie tarehe.