Unakwenda Amani kuchunguza wanyama? Andika na saa za kimya

Wanafunzi wa vyuo wanaokuja kufanya utafiti kwenye msitu wa Amani, huku Muheza, mkoani Tanga, huniuliza wachague mnyama gani. Wengi wanamtaka kima kwa kuwa hatulii: anaruka, anagombana, anapiga kelele. Mbega wanamwona mvivu. Mimi huwasihi wasimkimbie mbega, maana ndiye atakayewafundisha kazi yenyewe.

Mbega hula majani kwa wingi. Tumbo lake lina vyumba ambamo bakteria huyachachusha majani hayo, na kazi hiyo haina haraka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mchana utamkuta amekaa tu juu ya tawi, manyoya meupe yamemwagika mabegani, mkia umening'inia. Hapo mwanafunzi anafunga daftari na kutoa simu mfukoni. Kundi likianza kula, analifungua tena. Mwisho wa yote ripoti inasema mbega hushinda akila. Hakuna aliyekusudia kudanganya, lakini matokeo ni ya uongo.

Dawa yake ni saa. Kila baada ya dakika 10 pitisha macho kundi zima kutoka upande mmoja hadi mwingine, uandike kila mmoja anafanya nini wakati ule ule ulipomwona: anakula, anatembea, amepumzika, anamchambua mwenzake manyoya. Aliyejificha usimbunie kazi. Jeanne Altmann, aliyewachunguza nyani wa Amboseli kule Kenya, alilieleza jambo hili mwaka 1974: ukiandika kile tu kinachokuvutia macho, wenye vurugu watajaa daftarini na watulivu watapotea.

Na unachoandika kiwe kitendo. "Dume amekasirika" haitoshi, umejuaje? Andika hivi: "Saa 4:20 asubuhi, dume mkubwa, ameonyesha meno, ametikisa tawi, jike amesogea pembeni." Hasira tutaijadili baadaye, tukiwa na maandishi ya kutosha mezani.

Kimya kina faida kuliko watu wanavyodhani. Mtazame hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa. Amani kuna mti uitwao Maesopsis eminii, uliopandwa na wageni enzi za ukoloni, nao umesambaa hadi ndani ya msitu wa asili. Hondohondo anayapenda matunda yake. Mwanafunzi humhesabia matunda anayomeza, kisha ndege akiruka na kutua mti wa mbali, basi, anaona kazi imekwisha. Wakati ndiyo kwanza imeanza! Ni pale alipotulia ndipo anapozitapika mbegu. Ukitaka kujua msitu unabadilikaje, usiondoe darubini kwa ndege "asiyefanya kitu".

Ukifika kijijini, toa shikamoo kabla hujatoa barua ya chuo. (Barua na kibali cha hifadhi ni lazima, uvishughulikie mapema.) Mzee wa Kisambaa atakayekuongoza anajua mti gani unazaa lini, na atasikia tawi likicheza kabla yako. Mlipe mnavyokubaliana, na jina lake liwemo kwenye ripoti akiridhia. Inaniuma sana kusoma kazi nzuri ambayo aliyeonyesha kila mti humo ameitwa "mwenyeji".

Vifaa si vingi. Penseli, kwa sababu mvua ya Usambara haina huruma na wino. Suruali ndefu iliyochomekwa kwenye soksi, maana kuna siafu, kuna na upupu. Darubini uifute na kuikausha kila jioni, vinginevyo lenzi zitaota ukungu.

Jambo moja silifanyii mzaha: ukiwa na mafua au kikohozi, baki kambini. Maradhi yetu huwapata nyani, kima na sokwe. Mwaka 1966 ugonjwa uliofanana na polio uliwakumba sokwe wa Gombe, kule Kigoma, wengine wakapooza, wengine wakafa. Kwa hiyo usile mbele yao, usiwarushie ganda la ndizi, na usiwasogelee ili upate picha.

Jioni, kabla usingizi haujakuzidi, nakili kurasa za siku hiyo kwenye daftari la pili na uliache kambini. Ukikuta mstari ambao wewe mwenyewe huusomi, usiku huo huo muulize uliyekuwa naye msituni, angali anakumbuka.