Gavana wa Mombasa na gavana wa Kerala

Ndugu uliyeuliza kama gavana wetu ni sawa na gavana wa jimbo kule India: la, hata kidogo. Gavana wa Kerala huteuliwa na Rais. Anayeendesha serikali ya jimbo ni waziri kiongozi, na bunge la jimbo likimnyima imani, kazi imekwisha. Wetu twampigia kura wenyewe, Likoni hadi Kisauni, na theluthi mbili ya bunge la kaunti wakimkataa, bado kesi yaenda Seneti.

Halafu tusisahau, Kenya si shirikisho. Katiba ya 2010 imetupa ugatuzi. Kerala polisi wako chini ya serikali ya jimbo. Hapa Mombasa, gavana ana askari wa kaunti tu, wale wanaowahangaisha wachuuzi Marikiti.