Jibu: Dada yangu kiziwi ni fundi cherehani, anaweza kukopa halmashauri bila kikundi?

Mkuu, anaweza. Sheria ya fedha za serikali za mitaa ya Tanzania ilirekebishwa 2018, halmashauri zitenge kwa ajili ya mikopo asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Wanawake na vijana lazima wawe kikundi, ila mwenye ulemavu kanuni zinamruhusu hata peke yake. Akikataliwa kwa kigezo cha kikundi, aombe aonyeshwe kanuni.

Aanzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Andiko lake la kuomba mkopo lisiishie "nataka mtaji". Aandike anataka cherehani ya ovaloki (ya kufunga kingo za kitambaa), aambatanishe bei ya dukani kwa maandishi, aonyeshe kwa mwezi anashona sare ngapi.

Kinachoniudhi ni matangazo ya mikopo hii. Gari linapita mtaani na kipaza sauti, sasa kiziwi atasikiaje? Fuatilieni nyinyi kwa niaba yake, na siku ya usaili aende na mtu anayejua lugha ya alama, asitegemee watamletea mkalimani.

Na kama siku moja atatafuta ajira: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Utekelezaji wake, mmh, tuuache kwanza.