Barua kwa mwanangu: Ile kura ya penseli

Dodoma

Mwanangu Neema,

Sauti uliyonitumia WhatsApp siku ya uchaguzi nimeisikiliza mara tatu. Ulisema umepiga kura hapo Leicester, Uingereza, kwenye ukumbi wa kanisa, kwa penseli, wewe Mtanzania, kwa kuwa nchi yetu imo katika Jumuiya ya Madola na kibali chako cha kuishi huko ni halali. Halafu ukaniachia swali. Mjomba wako ameandika kwenye kundi la familia kwamba Waingereza hawana hata katiba ya kitabu kimoja, wamejenga demokrasia yao taratibu kwa miaka mia nane, haba na haba hujaza kibaba, kwa hiyo na sisi tuache pupa. Ukauliza: "Mama, ni kweli?"

Nimefundisha historia miaka thelathini na mitatu, na mjomba wako namjua tangu akiwa mtoto. Tarehe zake ziko sawa. Kinachonisumbua ni hilo neno "taratibu". Analitamka kana kwamba kuna watu waliketi wakakubaliana kwenda polepole.

Hiyo 1215 anayoipenda, Hati Kuu (Magna Carta) ya Mfalme John pale Runnymede, ilikuwa mapatano ya mfalme na mabwana wenye ardhi, na sehemu kubwa ya ugomvi wao ilikuwa fedha: mfalme asiwatoze bila kushauriana nao. Ukilishika hilo utaelewa mengine yote. Mfalme aliyetaka fedha za vita ilibidi aombe, na anayeombwa naye hupata nafasi ya kudai chake. Mwaka 1649 walimkata kichwa Mfalme Charles wa Kwanza, jambo ambalo mjomba wako hulirukia. Mwaka 1689 wakaandika kwamba mfalme hatozi kodi bila ridhaa ya Bunge. Miaka mitano baadaye ikaanzishwa Benki ya Uingereza, kazi yake ya kwanza kuikopesha serikali. Matajiri wakakopesha bila hofu kwa sababu mlinzi wa deni sasa alikuwa Bunge, na Bungeni walikaa wao wenyewe.

Maana lilikuwa Bunge la nani? Old Sarum kilikuwa kilima karibu na Salisbury, hakina wakazi, na kilipeleka wabunge wawili London. Dunwich, mji ulioliwa na bahari, nao wawili. Manchester, pamoja na viwanda vyake vyote vya pamba, haikuwa na hata mmoja. Tarehe 16 Agosti 1819 makumi ya maelfu ya watu walikusanyika hapo Manchester, uwanja wa St Peter's Field, kudai wabunge wao. Askari wa farasi wakawaingilia na mapanga. Wakafa zaidi ya kumi, wakajeruhiwa mamia. Sheria ya kurekebisha majimbo ilikuja 1832, baada ya ghasia nyingine, na iliwafungulia mlango watu wa kati: mjini, mwanamume mwenye nyumba ya thamani ya pauni 10 kwa mwaka. Ndiyo sheria iliyoandika waziwazi kwa mara ya kwanza kwamba mpiga kura ni mwanamume. Hayo ndiyo maendeleo yao ya taratibu, mama. Waliingiza wachache, na kwa kalamu hiyohiyo wakakufungia wewe nje.

Sasa tuje kwenye mkate. Tangu 1815 kulikuwa na Sheria za Nafaka: ngano ya nje haikuruhusiwa kuuzwa mpaka bei ya ngano ya ndani ifike shilingi 80 kwa kipimo chao cha robo. Waliopitisha ni wenye mashamba, na wenye mashamba ndio waliokuwa wabunge. Mfanyakazi wa kiwandani alinunua mkate ghali ili bwana shamba apate kodi nzuri ya ardhi yake. Wenye viwanda wa Manchester, wakiongozwa na Richard Cobden na John Bright, wakaanza kampeni ya kuzifuta. Usidhani ni huruma tupu. Mkate ukishuka bei, kibarua wa ujira mdogo hadai sana nyongeza. Lakini sasa walikuwa na wabunge. Njaa ilipoingia Ireland baada ya viazi kuoza mwaka 1845, Waziri Mkuu Robert Peel akazifuta 1846, wabunge wengi wa chama chake mwenyewe wakimpinga. Usiku uleule muswada ulipomaliza safari yake kwa Malodi, yaani bunge la juu la mabwana wa kurithi, Peel aliangushwa katika bunge la chini kwa hoja nyingine. Siku chache baadaye akajiuzulu.

Kwa hiyo biashara huria, ambayo wanauchumi wao huitaja kana kwamba ilishuka mlimani na Musa, ilitoka kwenye ramani ya majimbo. Sisemi ilikuwa sera mbaya. Nasema tazama ni nani aliyekwishaingia ndani ya chumba ilipoamuliwa.

Waliobaki nje walijiita Wachartisti. Hati yao ya 1838 ilidai mambo sita: kura kwa kila mwanamume, kura ya siri, majimbo yenye watu sawa, mbunge asilazimike kuwa na mali, mbunge alipwe mshahara, na uchaguzi kila mwaka. Mwaka 1842 walipeleka Bungeni maombi yenye sahihi zaidi ya milioni tatu. Bunge likakataa kuwasikiliza.

Darasani nilikuwa nawapa wanafunzi hesabu hii. Chukua kijana wa miaka 20 mwaka 1838. Kama alikaa mjini na kupanga nyumba nzima, alipata kura mwaka 1867, akiwa na miaka 49. Kama alikuwa kibarua wa shamba, alingoja 1884, ana 66. Kura ya siri ilikuja 1872, ana 54. Kabla ya hapo ulitaja mgombea wako mbele za watu, mwenye nyumba wako akisikia. (Uchaguzi mdogo wa kwanza wa siri ulifanyika Pontefract, na sanduku likapigwa lakiri kwa muhuri wa kiwanda cha peremende. Wanafunzi walisahau kila kitu isipokuwa hilo.) Mshahara wa wabunge ulikuja 1911, babu huyo ana miaka 93. Kura kwa wanaume wote ni 1918. Babu ana miaka mia moja kamili. Wanawake mwaka huo walipata wale wa miaka 30 na kuendelea, tena wenye sifa za mali. Kuwa sawa na wanaume ni 1928.

Kwa mtu mmoja mmoja, kibaba cha mjomba wako hakikujaa. Watu walikufa kikiwa nusu.

Karne ya ishirini nitaipitia haraka, maana unaishi ndani ya matokeo yake. Pensheni ya wazee, shilingi 5 kwa wiki kwa aliyefika miaka 70, ilianza kulipwa Januari 1909. Waziri wa fedha Lloyd George alipotaka kuwatoza matajiri na wenye ardhi ili kuilipia pamoja na manowari, Baraza la Malodi likaitupa bajeti. Chaguzi mbili katika mwaka mmoja, kisha sheria ya 1911 ikawanyang'anya Malodi mamlaka ya kuzuia fedha. Kodi tena, unaona? Sheria hiyo na ile ya 1689 ni vipande vya hiyo katiba wanayosemekana hawana. Ipo, ila imetawanyika kama risiti kwenye mkoba wangu. Na hospitali unayofanyia kazi imetokana na uchaguzi wa 1945: serikali ya Waziri Mkuu Attlee ilianzisha huduma ya afya ya taifa tarehe 5 Julai 1948.

Serikali hiyohiyo ndiyo iliyokuja Kongwa. Uingereza mafuta ya kupikia yalikuwa ya mgao, wakaamua kulima karanga Tanganyika kwa mamilioni ya ekari. Babu yako alikuwa kibarua huko, kung'oa visiki. Alisema matrekta yalivunjika kwenye mizizi ya mibuyu, na kiangazi kikishika udongo ule huwa saruji. Mgogo yeyote angewaambia kuhusu mvua. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, pauni zipatazo milioni 36 zimepotea, na Bunge la London likagombana kwa sauti kubwa kuhusu fedha za mlipa kodi wa Uingereza. Wapiga kura wa Leeds walikuwa na wa kumuuliza. Babu yako hakuwa na mbunge.

Nisikilize vizuri hapa, maana ndilo jibu la mjomba wako. Uchaguzi wetu wa 1958 na 1959 ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Na ili uandikishwe ulihitaji elimu ya darasa la kumi na mbili, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo fulani. Ni ile pauni 10 ya 1832, imevuka bahari. TANU ilikaribia kugawanyika Tabora, Januari 1958, kabla Mwalimu hajawashawishi washiriki hivyohivyo. Babu yako hakuwa na sifa hata moja.

Mwaka 1962, wa uchaguzi wa kwanza wa Rais, sharti la mali na elimu halikuwepo tena. Waingereza kutoka pauni 10 hadi kura ya kila mtu mzima walitumia miaka 96. Hapa ilichukua minne. Bibi yako, asiyejua kusoma, alipiga kura siku ile, akarudi shambani kabla jua halijawa kali. Mwulize mjomba wako kama mama yake alikuwa na pupa.

Usimjibu kwa ukali, shinikizo lake la damu limepanda tena. Mdogo wako amefunga shule, anakusalimu. Na hiyo penseli, ni kweli wameifunga kwa kamba? Ningejua mapema, za darasani kwangu zisingeisha kila wiki.

Mama yako